Simu used umenunua kwa winga, waranti anaibeba nani?

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo (winga ni yule dalali wa mtaani anayekupeleka kwenye duka la mtu, nitamweleza zaidi mbele):

"Shikamoo fundi. Mi niko Morogoro, mwezi uliopita nilikuja Dar nikanunua iPhone 13 used ya GB 128 pale Kariakoo kupitia winga. Jumla ilikuwa 1,250,000. Duka niliwalipa 1,100,000 kwenye lipa namba yao, afu 150,000 winga akasema nimrushie kwenye namba yake. Nilipewa karatasi ya duka imeandikwa 'iPhone 13, waranti mwezi 1' na boksi lake. Winga akaniambia mbali na huo mwezi ina waranti ya mwaka ya Apple kwasababu ina boksi. Leo ni siku ya 23, simu inazima yenyewe ikifika asilimia 30 na kitu wakati afya ya betri inasoma 100. Nikipiga dukani wanasema nimtafute winga, winga hapokei. Fundi wa huku anataka aifungue aangalie. Je nina waranti au sina? Na mdogo wangu anataka laptop used ya chuo, zenyewe waranti yake inakuaje?"

Marahaba mdogo wangu, pole na usumbufu. Kabla ya maneno mengi, mpigie huyo fundi wa Morogoro sasa hivi mwambie asiiguse hata skrubu moja. Mi mwenyewe ni fundi na sisemi hajui kazi, ila siku ukiirudisha dukani cha kwanza jamaa hatawasha simu, ataigeuza aangalie zile skrubu mbili za pembeni ya tundu la chaji kama zina mkwaruzo mpya wa bisibisi, afu atapitisha kucha kwenye ukingo wa kioo asikilizie gundi. Akiona dalili tu atasema "dada hii imefunguliwa" na hapo maongezi yameisha, na kusema ukweli hata mimi ningekuwa upande wa kaunta ningesema hivyohivyo, maana sitajua tena tatizo limetoka kwangu au limetoka Morogoro. Una siku 23, karatasi inasema mwezi, kwahiyo una wiki moja mkononi. Usiipoteze.

Sasa tuje kwenye swali. Jibu fupi ni kwamba waranti unayo, ila sio ile uliyoambiwa na winga. Ya Apple huna. Ya duka unayo, na duka haliwezi kukusukumia kwa winga kirahisi hivyo kwa jinsi ulivyolipa. Ngoja nieleze moja moja kwasababu hapa ndo watu wengi wanapigwa.

Waranti ya kiwanda, yaani ile ya Apple au Samsung au Dell wenyewe, inafuata kifaa na tarehe. Haiangalii jina lako wala haiulizi umenunua wa ngapi. Apple wanatoa mwaka mmoja kuanzia siku simu iliponunuliwa na mtu wa kwanza, ukiinunua mkononi mwake mwezi wa tano umerithi miezi saba iliyobaki, ukiinunua mwaka wa tatu umerithi hewa. iPhone 13 ilitoka Septemba 2021, na hiyo yako ni used iliyoshatumika huko ilikotoka, hesabu unaiona mwenyewe. Kuhakikisha ni bure na dakika mbili tu: ingia setingi, General, About, kopi siriali namba, nenda kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia kavareji ambao ni checkcoverage.apple.com, bandika, utaambiwa waranti ipo mpaka lini au imeisha. Hiyo ndo kauli ya mwisho, maneno ya winga hayaongezi siku.

Na hata ikitokea inasoma bado ipo, kuna kipengele kingine ambacho wauzaji hawakisemi. Kwenye masharti ya Apple yenyewe wameandika kwamba kwa iPhone wanaweza kukuwekea mipaka, waranti ikahudumiwa kwenye nchi ambayo simu iliuzwa mara ya kwanza tu. Hapa Tanzania hakuna duka la Apple lenyewe, kuna mawakala, kwahiyo simu iliyotoka Dubai au Marekani ikiwa na miezi minne ya waranti, hiyo miezi minne inaweza kuwa ya mtu aliyeko Dubai au Marekani na sio wewe wa Msamvu. Ukitaka kujua ilikotoka angalia hapohapo About kwenye Model Number, herufi za mwisho kabla ya mkwaju: LL ni Marekani, AE ni Emirates, J ni Japani, ZP ni Hong Kong. Zile za J utazijua hata bila kuangalia, sauti ya kamera haizimiki hata uweke simu kimya. Na herufi ya kwanza nayo inaongea, M ni simu iliyouzwa mpya dukani, F ni ile Apple wenyewe waliirudisha kiwandani wakaitengeneza wakaiuza tena, N ni ile mtu alipewa kama mbadala baada ya yake kuharibika. F na N sio mbaya, tena refabu ya Apple wenyewe inatoka na mwaka mzima wa waranti kama mpya, ubaya ni pale unauziwa N kwa bei ya M.

Kuhusu boksi naomba nicheke kidogo kwa ruhusa yako. Boksi sio waranti. Maboksi Kariakoo yanauzwa yenyewe kama yenyewe, unachagua rangi na GB, stika ya nyuma yenye IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, unachapishiwa hapohapo wakati unakunywa soda. Boksi la maana ni lile ambalo siriali namba yake inafanana na ya kwenye About, na IMEI yake inafanana na ile inayotokea ukibonyeza *#06#, zote zikifanana na wewe ukaangalia kavareji ikakubali ndo unaweza kusema boksi limekusaidia kitu. Hapohapo ukiwa na IMEI itume kwa meseji kwenda 15090, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, itakujibu ni simu ya aina gani. Huduma hiyo ndo watu walikuwa wanahangaika nayo kipindi kile cha Juni 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima. Haikupi waranti ila kama umeuziwa "Samsung" na jibu linarudi jina la simu nyingine kabisa, umeshajua hata kiwanda hutakuwa na cha kukiuliza.

Haya, ya duka sasa. Hii ndo yako.

Waranti ya duka haifuati simu, inafuata karatasi na mtu aliyeitoa. Ni ahadi yao wao. Kwanini mwezi mmoja? Kwasababu wao wenyewe wamenunua mzigo kwa jumla, mwingi ni wa Dubai, na huko aliyewauzia hajawapa waranti yoyote ya maana, wanapewa nafasi ya kutesti mzigo basi. Kwahiyo ule mwezi ni mfuko wa mwenye duka mwenyewe, ndo maana anaubana sana: haihusu kioo, haihusu maji, haihusu chaji, stika ikichanika imekufa, simu ikidondoka imekufa. Mi nawaelewa, na mimi kazi zangu natoa siku 30. Ila ukishaandika mwezi umeandika mwezi, na karatasi yako kwa ulivyoninukuu haijaandika "betri haihusiki". Soma tena nyuma ya karatasi, kuna maduka yanachapa masharti nyuma kwa maandishi madogo kama dawa ya mbu. Kama betri haijatajwa popote usikubali waje kuitaja leo.

Sasa winga. Kwa asiyejua, winga ni yule kijana anakudaka njiani "bosi unatafuta nini", hana duka, anakupeleka kwenye duka la mtu, anaongea na wewe bei yake na duka lina bei yake, katikati pale ni cha juu chake. Sio tapeli kwa maana hiyo, ni kazi, wengine wanajua mzigo kuliko wenye maduka. Tatizo ni kwamba mambo yakiharibika kila mmoja anamuonyesha mwenzake kidole. Duka linasema sisi tulimuuzia winga, winga anasema mi sio duka, na wewe umebaki katikati na simu inayozima.

Hapo ndo inabidi uangalie hela ilikwenda wapi. Ungemlipa winga hela yote kwenye namba yake, kisheria na kimtaa ungekuwa umenunua kwa winga, naye alinunua kwa duka, na duka lingekuwa na hoja. Lakini wewe 1,100,000 umelipa lipa namba ya duka, meseji ya malipo ina jina la biashara yao, na karatasi ya waranti ni yao ina mhuri wao. Hapo muuzaji wako ni duka, winga ni mtu aliyewaletea mteja, na Sheria ya Mikataba Sura ya 345 ina sehemu nzima inayohusu wakala, ukimwacha mtu auze kwa niaba yako watu wakaamini ni wako na hela ukapokea, huwezi kumkana siku mzigo ukirudi. Ile 150,000 ya winga hiyo sahau kwa sasa, ni cha juu, kuipigania utapoteza nauli ya Moro Dar mara mbili. Nguvu zote weka kwenye ile milioni na laki.

Niende kwenye betri maana hii asilimia 100 inanikera. Simu imetumika miaka, betri ikasoma 100, maana yake ni moja kati ya mbili, betri imebadilishwa au namba imebadilishwa. Kwa iPhone 13 Apple wenyewe wanasema betri ikifanya mizunguko 500 ya chaji inatakiwa iwe bado na kama asilimia 80, kwahiyo used iliyotunzwa vizuri utaikuta kwenye 82, 85, 88, hizo ndo namba za ukweli. Mafundi tunazo mashine ndogo, ukubwa wa simu ya kitochi, unachomeka waya wa betri inaandika upya kwenye chipu ya betri, 79 inakuwa 100 kwa sekunde chache. Chipu inaamini, simu inaamini, mteja anaamini, ila seli yenyewe ndani ni ileile iliyochoka. Ndo maana ikifika 30 ukifungua kamera au ukipokea video kol umeme unashuka ghafla kuliko bodi inavyoweza kuvumilia, simu inajizima kujiokoa, ukiichomeka chaji inawaka inasoma 28 kama hakuna kilichotokea. Ndo hivyo inakufanyia, sio?

Fanya hivi leo jioni. About, shuka chini, angalia kama kuna sehemu imeandikwa Parts and Service History. Ilianza kuonekana kuanzia iOS 15.2. Kama ipo na kwenye Battery imeandikwa Unknown Part, piga skrinshoti, hiyo ni risasi yako. Kama haipo usikate tamaa, kuna mafundi wanahamisha chipu ya betri ya zamani kwenda kwenye seli mpya ya bei chee ili simu isilalamike, kwahiyo kimya chake sio ushahidi kwamba kila kitu orijino. Cha pili, chaji simu mpaka 50, weka simu nyingine ikurekodi video huku unaitumia, acha ishuke mpaka ijizime, kioo kionekane asilimia na saa. Video moja ya hivyo inamaliza ubishi wa "mbona hapa kwetu haizimi", maana dukani watakuchomekea chaji wakae nayo dakika kumi wakwambie iko poa.

Ukifika dukani usianze na winga. Ukianza na jina lake umewapa mlango wa kutokea. Anza na karatasi, na meseji ya lipa namba, na tarehe, sema "nimenunua hapa tarehe fulani, waranti yenu inaisha tarehe fulani, simu inazima, video hii hapa." Nenda asubuhi, mida ya saa nne hivi kabla duka halijajaa, na uongee na mwenye duka au anayeshika funguo, wale vijana wa kaunta hawana mamlaka ya kukurudishia hata kava. Watakupa moja ya mambo matatu. Watabadilisha betri, hapo kubali kama ni betri nzuri na wakuandikie kwenye karatasi ileile tarehe mpya na neno betri, na uwekewe ukiwa umesimama hapo. Watakubadilishia simu, hapo anza ukaguzi upya kama hujawahi kuwajua, siriali, kavareji, akaunti ya iCloud ya mwenye zamani imetoka, Face ID inafanya kazi. Au watakwambia ongeza laki mbili uchukue 13 Pro, hiyo sio waranti dada hiyo ni biashara nyingine, kama hukwenda kununua 13 Pro usinunue. Kurudishiwa hela taslimu Kariakoo ni nadra, siwezi kukudanganya, ila ukilitaja mwanzo hayo mengine yanakuja haraka zaidi.

Wakigoma kabisa, una sehemu za kwenda. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa Sura ya 214 ni ya zamani lakini bado inauma, inasema mtu mwenye biashara ya bidhaa za aina hiyo akikuuzia, kuna ahadi ya kwamba kitu kinafaa kuuzwa hata kama hamkuandikiana, isipokuwa kama ulikikagua na kasoro ilikuwa inaonekana kwa ukaguzi huo. Huo mstari wa mwisho ujue vizuri kwasababu ndo watautumia: kioo kimepasuka kona na ukachukua hivyohivyo, umekula hasara. Betri iliyoandikwa namba ya uongo haionekani kwa macho, hiyo ni kasoro ya ndani, haikuhusu kuwa uliishika ukaigeuza geuza. Afu kuna ile ya kudanganywa, ukiambiwa "betri orijino mia kwa mia" na sio, mkataba uliopatikana kwa uongo aliyedanganywa anaweza kuukataa, hiyo iko kwenye Sura ya 345. Kwahiyo lile bango la ukutani la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe sana, halijawahi kuhalalisha uongo. Malalamiko ya mteja yanapokelewa na Tume ya Ushindani, ile FCC, wapo chini ya sheria ya mwaka 2003, na kwa madai ya hela kama yako Mahakama ya Mwanzo inatosha na huhitaji wakili. Wenzetu Kenya wana mahakama yao ya madai madogo mpaka shilingi milioni moja ya kwao, sisi tunaanzia hapo Mwanzo. Uzoefu wangu ni kwamba mara nyingi hamfiki huko, mwenye duka akiona una karatasi, una meseji, una video na unajua jina FCC, anamwita kijana "hebu mtolee huyu dada betri".

Umenielewa kwanini nang'ang'ania karatasi, basi nikupe na yangu maana na mimi nimepigwa. Mwaka 2017 nilichukua EliteBook sita kwa jamaa mmoja wa jumla, hela taslimu, akaniandikia risiti ya mkono "laptop 6" na jumla chini, tukapeana mikono. Nafika kwangu, nne safi, mbili zinaomba paswedi ya BIOS, ile programu inayowaka kabla ya Windows, hauingii popote, hazifai hata kuangalia muvi. Nikazirudisha kesho yake asubuhi. Jamaa akaziangalia mbele yangu, akaangalia risiti, akasema "kaka hizi sio zangu, mi nilikupa sita nzima, wewe ni fundi una laptop ngapi dukani kwako?" Na kweli nilikuwa nazo kumi na kitu. Sikuwa na siriali namba hata moja kwenye ile karatasi. Ningesema nini? Zile mbili niliishia kuzichuna vioo na keyboard. Tokea siku hiyo sichukui wala sitoi risiti bila siriali namba au IMEI imeandikwa, na wewe angalia karatasi yako, kama imeandikwa "iPhone 13" tu bila IMEI wanaweza kukufanyia hayohayo, ndo maana nasema usiende bila meseji ya malipo na kama una picha uliyopiga siku ile na simu mkononi mbele ya duka, bora zaidi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, ndo nzuri kuliko zote, ila najua ukiidai kwenye used utaambiwa bei inapanda. TRA wanaimba "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tokea enzi, idai tu, ukikosa ya mashine angalau ya mkono yenye IMEI, jina la duka, tarehe na siku za waranti.

Tumalizie na mdogo wako wa chuo. Laptop used karibu zote zinazokuja ni za maofisi ya Ulaya na Marekani, Latitude, EliteBook, ThinkPad, kampuni zinakodi au kununua kwa mkupuo zinakaa nazo kama miaka mitatu minne wanazitoa zote. Waranti ya kiwanda ya hizo mashine mara nyingi ni mwaka mmoja au mitatu, sasa unaona zinatolewa lini, zinatolewa waranti ikishaisha, sio bahati mbaya. Kwahiyo akiambiwa "ina waranti ya HP" acheke. Akitaka uhakika kuna namba chini ya laptop, Dell inaitwa Service Tag ina herufi na namba, jumla saba, HP na Lenovo ni siriali, anaingia kwenye tovuti ya kampuni husika anaandika anaona siku ilipotoka kiwandani na waranti ilipoishia. Hiyo tarehe ina faida nyingine, inakwambia umri halisi, maana kuna mtu atakuuzia ya 2016 akasema ni ya juzi kwasababu kaipiga polish. Ikitokea moja bado ina waranti, Dell wana utaratibu wa kuhamisha umiliki mtandaoni kutoka kwa mwenye kwanza, ifanywe mapema, na ajue betri ya laptop kwa kawaida inapewa mwaka mmoja tu hata kama mashine ina mitatu.

Kwenye laptop akague kufuli kuliko waranti. Awashe, aingie BIOS, aone haiombi paswedi. Aunganishe intaneti pale pale dukani aizime aiwashe, maana kuna mashine za kampuni ukizifuta zote zianze kama mpya, zikiona intaneti tu zinakwambia "karibu kampuni fulani, ingiza barua pepe ya kazi", hiyo sio yako, ni ya ofisi ya watu Frankfurt huko. MacBook nazo hivyohivyo, ikiandika Remote Management aiache mezani. Waranti ya duka aombe mwezi kwa bodi, iandikwe, na siriali iandikwe.

Kwa wale mtaniuliza za mtandaoni, winga wa Instagram ni winga, tofauti ni kwamba yule wa Kariakoo unaweza kumkuta kesho amesimama palepale. Simu "mpya" wanazouza waulize ni active au non-active. Non-active ni ile haijawahi kuwashwa, waranti yake ya mwaka inaanza ukiiwasha wewe, na ukiweka siriali ya kwenye boksi kwenye ule ukurasa wa Apple kabla ya kuchana sili itakuomba uiamshe kwanza. Active imeshawashwa na mtu miezi kadhaa iliyopita, saa inatembea, bei inatakiwa ishuke na wengi hawaishushi. Na simu kuitwa haiingii maji isikudanganye, maji hayamo kwenye waranti ya Apple hata ikiwa mpya, kuna kikaratasi cheupe ndani ya tundu la laini kikiguswa na maji kinageuka chekundu, mulika na tochi kabla hujalipa. Ndugu akikuletea kutoka Muscat au London mwambie abaki na risiti ya duka la kule, maana haki zake ziko juu ya lile duka na sio juu yako, Uingereza wana sheria nzuri ya 2015 lakini anayeweza kuitumia ni yeye aliyenunua. Na zile za Amazon ya Marekani zinazoitwa Renewed kwa kawaida zina siku 90, ambazo kwa kontena la baharini zinaweza kuishia njiani.

Sasa we fanya ile ya About na ile video leo, nitumie skrinshoti nione hiyo Battery imeandikwaje na picha ya karatasi mbele na nyuma, kama ni Unknown Part nikuandikie maneno mawili matatu ya kuongea nao, usije Dar bila hivyo.